Bei Iko Wapi?

Mwalimu alizima taa za mbele, na ukurasa wa duka la mdogo wangu ukajaa ukutani. Madera, viatu vya kike, mikoba. Picha zinavutia, maana mdogo wangu ana jicho. Chini ya kila picha kuna maneno yaleyale: "Jumla na rejareja. Tunatuma mikoani. Bei njoo inboksi."

Tulitakiwa kuleta duka la mtandaoni tunalolijua, darasa lilichambue. Wenzangu walileta maduka makubwa. Mimi nilileta la Kariakoo, soko kuu la Dar es Salaam, na nilikuwa nimejiandaa kueleza mengi kuhusu mtaa wa Kongo.

Binti aliyekaa mbele yangu akauliza, bila ubaya wowote: bei iko wapi?

Nikasema bei unaiuliza. Akataka kujua kwa nini mtu ajisumbue kuuliza wakati kuna maduka elfu yameiandika. Mwalimu akakazia kwamba kila hatua unayomwongezea mteja kabla ya kulipa inakupunguzia wateja, kisha akamwita mwanafunzi mwingine.

Kwao zoezi liliisha pale. Mimi nililibeba kwenye basi, nikalibeba kazini, na wiki zikapita bado ninalo.

## Darasa la jioni

Nasoma masoko na biashara ya mtandaoni katika chuo cha jamii, kitongoji kimoja cha Chicago. Chuo cha kwanza cha umma cha aina hii kilianzia Joliet, hapahapa Illinois, mwaka 1901, kikiwa na wanafunzi 6. Nia ilikuwa kijana asome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama kwao. Leo ndiko tunakosoma sisi tuliochelewa: wahamiaji, wazazi, watu wenye zamu. Ada inabebeka, masomo yapo jioni, na hakuna anayeshangaa ukiingia darasani na sare ya kazini. Mimi hutoka kutunza wazee, nakula kwenye gari, naingia.

Nalipenda darasa lile kwa sababu kila aliyemo ana kitu anachokiuza au anachotaka kukiuza. Yupo mama wa keki. Yupo kijana anayenunua viatu vya michezo vilivyotumika, anavisafisha na kuviuza tena. Kona ya nyuma hukaa mzee wa Kimexico asiyesema sana, anayefanya kazi ghalani. Upande ule wa Joliet na Elwood umejaa maghala, makontena yanafika kwa treni, na nusu ya vitu tunavyojifunza kuviuza vinapita mikononi mwa watu wanaosoma na sisi.

Kwa hiyo swali la yule binti halikunichoma kwa sababu ya dharau. Halikuwa na dharau. Lilinichoma kwa sababu sikuwa na jibu, na nimekulia Kariakoo.

## "Unadhani sijui kuandika namba?"

Nilimpigia mdogo wangu Jumapili, kwake ikiwa usiku. Nikamweleza habari ya darasani. Akacheka, kisha sauti ikabadilika.

"Dada, unadhani sijui kuandika namba?"

Akanieleza taratibu. Wauzaji wengi wa mtaa wake wanachukua mzigo kwa mtu mmoja, kontena moja kutoka China. Dera lake ndilo dera la jirani, hata maua ni yaleyale. "Nikiandika 25,000, huyu wa pembeni anaandika 24,000 kabla sijaweka simu chini. Kesho tunauziana hasara wote."

Nikamwambia hiyo inaitwa ushindani, na mteja anafaidika. Akasema sawa, na mawinga je?

Hapo nikanyamaza.

Asiyeijua Kariakoo aelewe hivi: winga hana duka, hana mzigo, mara nyingi hana hata mtaji. Ana simu na maneno. Anapita dukani kwako, anapiga picha, anaweka kwenye status yake. Akipata mteja anakuja kuchukua kwa bei yako, anaweka cha juu chake, anapeleka. Kwa mdogo wangu mawinga ni wasichana wa vyuo, mama wenye watoto wadogo Mbagala na Gongo la Mboto, vijana waliofunga vibanda vyao. Sehemu kubwa ya mzigo wake inauzwa kupitia kwao.

"Nikiandika bei pale, mteja wa winga anaiona. Amemuuzia dera 35,000, anakuta kwangu 25,000. Nimemuumbua mwenzangu, na kesho hanipitii."

Kwa hiyo yale maneno matatu, "bei njoo inboksi", ndiyo yanayowalisha watu ambao hawaonekani kwenye ukurasa.

## Winga kwenye kitabu

Wiki iliyofuata tukafika kwenye sura inayohusu watu wanaolipwa kwa kuleta wateja. Amazon ilianza mpango huo mwaka 1996: una tovuti yako, unasifia kitabu, msomaji anabonyeza kiungo chako, akinunua unapata asilimia. Sura inayofuata inahusu wanaouza bidhaa wasizokuwa nazo: wanachukua oda, mwenye ghala anatuma mzigo.

Nilisoma sura zote mbili na kila ukurasa nilimwona winga wa mtaa wa Kongo.

Nikafurahi kwanza. Nilitaka kumpigia mdogo wangu nimwambie kwamba mawinga wake wako kwenye kitabu cha chuo Marekani. Lakini nilipozirudia kurasa zile niliona pengo, na tangu hapo sijaacha kuliona. Mwenye kiungo analindwa na kiungo. Mashine inajua mteja kaletwa na nani, duka linamlipa, na mteja ananunua kwa bei ileile ya kila mtu. Winga hana kiungo. Hana mkataba, hana rekodi. Ulinzi wake pekee ni mteja kutojua.

Na asiyejua ndiye anayelipa.

Najua inavyokuwa, maana imenipata. Niliwahi kuuliza bei ya vitenge kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kwa namba yangu ya huku, yenye picha niliyopiga kwenye theluji. Mama akauliza vitenge vilevile kwa namba yake ya Tanzania. Tulipewa bei mbili. Tofauti haikuwa ya kunifilisi, lakini nilijisikia nimepimwa usoni kabla sijasema nataka ngapi. Nikawaza wateja wa Kahama na Songea wanaoandika "habari, hii bei gani?" na mtu upande wa pili anatazama kwanza picha yao.

Basi nikawa nimesimama katikati. Nikimtetea winga, namtoza mteja. Nikimtetea mteja, namnyang'anya winga mkate.

## Bei ya ukutani nayo si ya wote

Nilibaki baada ya kipindi nikamweleza mwalimu. Alinisikiliza kweli, jambo ninalomshukuru. Kisha akanipa kisa nikasome. Septemba 2000, wateja wa Amazon waligundua kwamba DVD ileile inaonyeshwa kwa bei tofauti kwa watu tofauti. Kampuni ikasema ilikuwa inajaribu bei bila kuangalia mteja ni nani, ikaomba radhi, na karibu wateja 6,900 wakarudishiwa tofauti yao.

Miaka zaidi ya 20 baadaye, New York ikatunga sheria, mwaka 2025, inayolitaka duka linalopanga bei kwa kutumia taarifa binafsi za mteja limwambie hivyo waziwazi. Sheria haiandikwi kwa jambo lisilofanyika.

Sisemi hivyo ili kujifariji. Lakini darasani tulikuwa tumeizungumzia bei iliyoandikwa kana kwamba ni jambo la asili kwao na geni kwetu. Huku nako watu walikuwa wakipatana bei madukani. Bei moja kwa wote ilienezwa na wenye maduka makubwa wa karne ya 19, akina John Wanamaker wa Philadelphia, na walikuwa na sababu zao za kibiashara. Ilianza mahali fulani, na sasa inaanza kupindishwa tena kwa mlango wa nyuma.

Nilifika hapo nikadhani nimemaliza. Nina jibu la kumpa yule binti.

Kumbe tulikuwa tunagombania swali lisilo lenyewe.

## Mzee wa marejesho

Ilikuwa mapumziko. Mzee wa kona ya nyuma alikuja kunywa kahawa pembeni yangu akaniuliza kama mdogo wangu amepatana na bei zake. Nikamweleza. Akaniambia yeye kazi yake ghalani ni idara ya marejesho, yaani bidhaa ambazo wateja wamezirudisha.

Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anafanya kazi hiyo.

Boksi linakuja mbele yake. Anakata gundi, anatoa nguo, anaikunjua mezani. Anatazama kama lebo ipo na kama imechezewa. Ananusa kwapani. Anageuza kola atafute alama ya poda. Kiatu anakipindua, anapitisha kidole kwenye soli kutafuta mchanga. Magauni ya sherehe, anasema, hurudi mwanzoni mwa wiki yakiwa na manukato. Kisha anaamua: hii irudi rafuni, hii iuzwe kwa lundo la bei ya chini, hii itupwe. Usiku kucha, boksi baada ya boksi.

Akasema amefanya kazi hiyo muda mrefu na ana maoni yake. Watu wa huku hawanunui mtandaoni kwa sababu bei imeandikwa. Wananunua kwa sababu wanajua kisipowafaa watakirudisha. Kitufe cha kununua kipo mbele, lakini kinachomfanya mtu akibonyeze ni yeye na meza yake kule nyuma.

Nilirudi darasani sikusikia somo lililobaki.

## Karatasi moja ya Chicago

Nilianza kuchimba, na sikuhitaji kwenda mbali, maana mambo yenyewe yalianzia mji huu. Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward alichapisha hapa Chicago karatasi moja yenye bidhaa 163 na bei zake, akawatumia wakulima. Wakulima wale walikuwa wakinunua kwa mwenye duka wa kijijini, mtu wa pekee, anayekopesha na kupanga bei anavyotaka. Wenye maduka walimchukia Ward.

Lakini kwa nini mkulima atume pesa kwa mtu asiyemjua, Chicago, kwa kitu asichokishika? Mwaka 1875 Ward akaweka ahadi: usiporidhika, pesa yako inarudi.

Angalia mpangilio wa mambo yaliyofuata. 1896, posta ikaanza kupeleka barua hadi mlangoni kwa watu wa mashambani bila malipo ya ziada. Januari 1, 1913, ikaanza kubeba vifurushi. Mwaka 1974 sheria ikampa mwenye kadi ya mkopo haki ya kupinga malipo ya bidhaa ambayo haikumfikia kama walivyokubaliana. Intaneti ilipokuja, ilikuta anwani, posta, ahadi na sheria vimeshajengwa. Ilibaki kuongeza kitufe.

Silabasi yetu inaanza na kitufe.

Hili ndilo ninalotaka kusema, na nalisema nikiwa na heshima kwa chuo changu na walimu wangu: tunafundishwa paa la nyumba ambayo kuta zake zilijengwa na wengine kabla yetu. Mwanafunzi wa huku hana shida, anaishi ndani yake. Mimi nikilichukua paa hilo nikampelekea mdogo wangu, litamwangukia.

## Namba ya basi

Tazama anavyotuma mzigo Kahama. Dera linakunjwa, linaingia kwenye mfuko wa nailoni, linazungushiwa gundi. Juu yake anaandika kwa maka jina la mteja, namba ya simu, mji. Bodaboda anaupeleka stendi ya Magufuli, Mbezi. Karani wa basi anakata risiti. Mdogo wangu anaipiga picha risiti, anaipiga picha namba ya basi kama bodaboda amekumbuka, anamtumia mteja: "Mzigo wako huo mpenzi, kesho asubuhi nenda stendi na simu yako."

Ile picha ya risiti ndiyo posta yake, ndiyo ahadi yake, ndiyo sheria yake.

Mjini nako, tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 mitaa ina majina na nyumba zina namba. Bado bodaboda anapiga simu: uko wapi, umeshapita kwa muuza chipsi, simama hapo nakuona. Na Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu 2015. Lakini nani atafungua kesi kwa dera la 25,000 lililombana mikono? Mteja wa Kahama hafungui kesi. Ananyamaza, anamwambia shoga yake, na wote wawili hawanunui tena mtandaoni. Kwenye risiti ya duka aliyopewa kumeandikwa: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

Sasa nikamwelewa mteja anayeuliza bei. Anajua bei. Ameshauliza kurasa tatu. Anataka kuona kama utajibu, utajibu kwa lugha gani, akikuambia "nitumie video" utatuma au utakasirika. Anataka kusikia sauti ya mtu. Inboksi ndipo anapoamua kama wewe ni tapeli. Darasani tuliiita hatua inayopoteza wateja, na kwake ni hatua ya pekee inayomlinda.

Hata hivyo siitaki inboksi ibebe mzigo huo milele. Namwona mdogo wangu anavyojibu saa sita usiku, watu ishirini wanaouliza kitu kilekile, simu iko kwenye chaji mtoto analia. Namwona akiogopa kulala maana asiyejibiwa ndani ya dakika kumi anahama. Muuzaji anaumia na mteja anaumia, na sababu ni kwamba hakuna kitu kingine kilichosimama kati yao.

## Tulipofika

Nilimpelekea mawazo mawili. La kwanza: aandike bei ya rejareja kwenye ukurasa, iwe bei ileile anayouza winga, na bei ya jumla aiweke kwenye kundi la WhatsApp la mawinga peke yao. Cha juu cha winga kinabaki, ila kinajulikana, na mteja wa Songea halipi kwa sababu ya picha yake. La pili: abadilishe nguo isiyomtosha mteja ndani ya siku chache.

La kwanza alilijaribu kwenye viatu tu. Meseji zilipungua mpaka akaogopa. Walioandika walikuwa wanauliza saizi, na wengi wao walinunua. Mawinga wawili waliingia kwenye kundi kwa furaha. Mmoja, tena hodari, alihamia kwa jirani, akasema yeye hataki kupangiwa cha juu chake. Mdogo wangu aliumia, kwa sababu wametoka naye mbali. Bei za viatu ameziacha. Madera bado ni inboksi, na sijamlazimisha.

La pili tumegombana.

"Dada, watu watavaa kwenye kitchen party Jumamosi, Jumatatu wananirudishia lina jasho."

Nilimpelekea swali hilo mzee wa marejesho. Akanijibu papo hapo: shona lebo kubwa kwa nje, mahali ambapo mtu hawezi kuivaa nguo bila lebo kuonekana. Lebo ikikatwa, hakuna kurudisha. Mdogo wangu alilipenda hilo. Fundi wa ghorofani kwao anaweza kuzishona kwa bei ndogo.

Kisha akauliza nauli ya basi ya kurudisha mzigo kutoka Kahama ataitoa nani. Nikasema wagawane nusu kwa nusu na mteja. Akasema faida yake kwenye dera moja la rejareja haizidi sana hiyo nusu, na kwenye dera la winga haifiki.

Hesabu hiyo ndiyo ninayoifanyia kazi yangu ya mwisho wa muhula. Nimeomba aniandikie kila mzigo alioutuma mkoani mwezi huu: umeenda wapi, nauli kiasi gani, mteja amelalamika au la, amelalamikia nini. Ananitumia usiku akishafunga. Malalamiko mengi mpaka sasa ni ya saizi, na yangeweza kuzuiwa kwa kupima dera kwa futi na kuandika vipimo chini ya picha kabla halijapanda basi. Ameanza kupima. Mwalimu amekubali nitumie duka lake badala ya lile la mfano lililo kwenye kitabu, na yule binti wa mbele ameomba tuifanye kazi hiyo pamoja.